Mwenye Dasta Ndiye Anayeuliza

Mtaani walimwita Tochi, na jina hilo alilipata kwa haki yake. Miaka ile mke wake alipokuwa akifanya kazi bekari na kurudi jua likizama, fundi huyu wa makochi alikuwa akifunga karakana mapema, anachukua tochi yake ndefu, anakwenda kumsubiri kwenye kona ya duka la dawa. Ukimuuliza, anakwambia barabara ina mashimo. Mashimo yalikuwepo kweli, ila tochi haikuyamulika hata siku moja. Ilimulika nyuso za wanaume waliotembea karibu na mke wake, mmoja baada ya mwingine, na ilikaa zaidi kwa wale wenye ndevu zilizochongwa vizuri.

Tusimwonee. Kwa kazi alikuwa fundi haswa. Unampelekea kochi limechoka, limebonyea katikati, mwenyewe unaona haya kulibeba mchana; anakurudishia kitu ambacho wageni wanaogopa kukikalia. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo kila aliyeingia ndani alipita katikati ya masponji na vitambaa vyake. Alipokuwa akipigilia kitambaa, misumari midogo aliiweka mdomoni, akaisukuma nje kwa ulimi mmoja mmoja, mkono wa kushoto unapokea, wa kulia unagonga. Mdomo ukiwa na misumari hasemi. Wateja wengi walisema hapo ndipo Tochi alipokuwa mtu mzuri kabisa wa kukaa naye.

Misumari ikiisha, yalianza maswali. Umetoka wapi? Na nani? Tangu saa ngapi? Mbona mpaka sasa hivi? Kwa nini umepitia kule? Mke wake, ambaye watu wote walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wao waliokuwa shule ya bweni, aliyajibu maswali hayo miaka nenda miaka rudi, kwa utulivu wa mtu anayeonyesha kitambulisho getini. Alijua anayeuliza hatosheki. Alijibu tu ili apite.

Bekari aliiacha kwa ajili ya mtu wa tanuri. Kosa la mtu wa tanuri lilikuwa kumwekea Mama Pacha mkate mmoja wa moto kila jioni. Tochi aliula mkate ule, akausifu, akaomba na kipande cha pili, halafu akataka kujua kwa nini ulikuwa laini kuliko mikate ya watu wengine. Baada ya bekari Mama Pacha aliingia darasa la ushonaji, nalo halikumaliza msimu, maana mwenye darasa aliwapima wanafunzi mabega kwa mkono wake. Mwishowe alipata kazi ya usafi kwenye kliniki ya meno. Daktari wa pale alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani minene, na wanaume waliofika hapo walikuja wamevimba shavu, wanadondosha mate. Tochi alipeleka macho yake mara moja, akaona hakuna hatari, akalala usingizi.

Basi mtu wa mapokezi pale kliniki akahama. Daktari akamwambia Mama Pacha kwamba meza ile ni yake akitaka, ila wagonjwa wengi ni wageni, hivyo lazima apite kwanza mtihani wa Kiingereza cha kuongea. Kulikuwa na darasa la jioni nyuma ya duka la rangi. Mama Pacha alijiandikisha kwanza, ndipo akaja kumwambia mumewe. Alimkuta ana misumari mdomoni, na nadhani aliingoja saa hiyo makusudi.

"Baba Pacha," alisema, "bekari niliacha. Ushonaji niliacha. Hili darasa siachi. Ukinitoa huko, na mimi natoka humu ndani, naenda kwa dada yangu. Na sisemi kwa hasira."

Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Angesema kwa hasira, Tochi angejua la kufanya, hasira hupoa. Lakini mke wake alisema kama mtu anayesoma bei kwenye chupa. Tochi alitema misumari kwenye kiganja, akasema sawa, nenda, nani amekukataza. Na kwa muda alijikaza kisabuni. Mke anarudi jioni, anapita karakana, anasema habari za kazi, na Tochi anajibu nzuri, huku maswali yamemjaa kooni kama mtu aliyekula viazi bila maji.

Kilichomwangusha ni kiti. Jioni moja Mama Pacha aliingia, akatua mkoba, akasema, bila kufikiri lolote, "Kile kiti cha Mwalimu kimechanika, sponji yote iko nje. Unaweza kumshonea?"

Mke wa mtu mwingine angeweza kusema hivyo na dunia ikaendelea. Tochi alikaa na neno hilo siku nzima. Alikuwa mtu wa viti. Alijua kwamba kiti hakionekani kimechanika wakati mtu amekikalia. Kinaonekana mtu anapoinuka, na tena unatazama pale pale alipoinukia. Kwa nini mke wake alikuwa akitazama pale? Alimuuliza Seremala, jirani yake aliyemtengenezea fremu za mbao, na Seremala akacheka mpaka akaweka randa chini. Kisha akamwambia kwamba mwanamke aliyeona kiti kimechanika ni mwanamke mwenye macho, basi, na kama Tochi ana shaka aende akaone mwenyewe, maana akiendelea kukaa hapo atajigonga kidole.

Alienda. Alijua alichokuwa akikiweka rehani, kwa sababu alikuwa ameambiwa waziwazi, tena bila hasira. Alikwenda hivyo hivyo.

Darasa lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama uchochoro, na uchochoro ulijaa ndoo za rangi. Tochi alisimama juu ya ndoo moja, akachungulia. Watu wazima kumi na kitu walikuwa wameketi wametazamana safu mbili. Mwalimu mwenyewe hakuonekana. Tochi alimtafuta kwa macho, na alipomwona alizidi kuchanganyikiwa: alikuwa amejificha nyuma ya mlango, ametoa kichwa tu, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Akauliza kwa sauti ya redioni, "From where?" Kutoka wapi? Darasa zima likamjibu kwa Kiingereza, kutoka kule. Akahamia chini ya meza. Kutoka wapi? Kutoka chini. Akapanda juu ya kile kiti chake cha sponji. Kutoka wapi? Kutoka juu.

Mama Pacha alikuwa anacheka. Alikuwa ameweka mkono kifuani, kichwa amekiegemeza nyuma, anacheka mpaka machozi. Tochi alikijua kicheko kile. Alikisikia miaka mingi nyuma, kabla ya mapacha, kabla ya bekari, wakati yeye mwenyewe alipokuwa akimchekesha kwa kuigiza wateja wake. Hakukumbuka kilikoma lini. Alidhani kimezeeka tu, kama mambo mengine ya ujana, na kumbe kilikuwepo, kizima, kinatumika huku nyuma ya duka la rangi. Aliona wivu mpaka akahisi joto masikioni. Lau angemkuta ameshikwa mkono na mwanaume, pengine angeumia kidogo zaidi, lakini angeelewa.

Alisogea ili aone vizuri. Kifuniko cha ndoo kikaachia, mguu wake ukazama kwenye rangi nyeupe mpaka ugoko, na ndoo nyingine zikaporomoka kwa kelele za kuamsha mtaa.

Mwalimu alitoka mbio. Alimwona mtu mzima amesimama uchochoroni, mguu mmoja mweupe, na akafikia uamuzi ambao mwalimu yeyote mwenye moyo mzuri angeufikia: huyu ni mwanafunzi mpya aliyepotea mlango. Akamkaribisha, akamwambia asijali, wengi huchelewa siku ya kwanza kwa sababu ya aibu. Tochi alitaka kukataa. Lakini kukataa kungemlazimu aeleze alikuwa akifanya nini juu ya ndoo. Akaingia, akiacha nyayo nyeupe sakafuni, za mguu mmoja tu, mpaka katikati ya chumba.

Pale mbele ya wote Mwalimu akamtazama kwa tabasamu, akamuuliza, "From where?"

Maisha yake yote Tochi alikuwa ameuliza swali hilo, na sasa aliulizwa yeye. Wanafunzi walimnong'oneza, sema kutoka kule, sema kutoka nje. Yeye akanyoosha kidole dirishani. Kicheko kikalipuka. Mama Pacha peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso, anatazama nyayo za rangi, na Mwalimu alipouliza kama kuna anayemfahamu mgeni wetu, hakuinua kichwa.

Tochi aliketi kwenye kiti cha nyuma. Mke wake alikuwa amemkana mbele ya watu. Hilo lilimchoma kuliko kuchekwa. Ilichukua muda kumjia kwamba kama angesema huyu ni mume wangu, darasa zima lingejua sababu ya ile ndoo.

Mama Pacha alirudi nyumbani kwa njia yake, Tochi kwa yake. Tochi aliosha mguu kwa mafuta ya taa, akisubiri kuwaka moto. Hapakuwaka kitu. Mama Pacha alipika, akapakua, akamwekea sahani mbele, akasema karibu. Wala hakununa. Ila Tochi alipoingia chumbani alikuta sanduku kubwa, lile lililokaa juu ya kabati tangu siku ya ndoa, limeteremshwa. Lilikuwa sakafuni, limefutwa vumbi.

Mtu mwenye akili angeacha kwenda. Tochi akawaza kwamba akiacha atakuwa amekiri, na pia, tuseme ukweli, akawaza kwamba sasa ana kiti ndani ya chumba kile na hahitaji ndoo tena. Akajiandikisha. Jioni iliyofuata akaenda, na iliyofuata, na wakaanza maisha ya ajabu mume na mke hawa: nyumbani wanakula meza moja, darasani wanajitia hamnazo kama watu waliokutana kwenye foleni. Kila mtu alifika kivyake. Wakipishana mlangoni, Mama Pacha alisema "Good evening" kwa adabu, na Tochi naye, shingo ngumu, "Good evening."

Hapo wivu wake ulipata malisho mapya. Mwalimu alimtoka moyoni baada ya siku chache tu, kwa sababu ukimtazama mtu kwa karibu unaona: kijana alimpenda kila mmoja sawasawa, na mapenzi yake hasa yalikuwa kwa yale maneno madogo ya Kiingereza. Alikuwa akiyashika kwa vidole hewani. Alisema maneno hayo madogo, kutoka, mpaka, tangu, kwa, pamoja na, hayawezi kusimama peke yake. Yanatafuta mwenzake, na mwenzake anaweza kuwa neno la kuuliza, kama wapi na lini na nani, au neno la mahali na wakati, kama hapa, kule, sasa, wakati ule. Maneno mawili tu, na tayari ni swali zima; mawili mengine, na tayari ni jibu. Alisema pia Waingereza wakiwa kwenye maongezi hupenda kulitupa dogo nyuma, "Where from?" badala ya "From where?", na yote ni sawa. Kisha akasema, msiogope, jambo hili mnalifanya kila siku nyumbani kwenu: umetoka wapi, mpaka lini, tangu lini, na nani. Watu wakacheka. Tochi alihisi kama amevuliwa shati.

Mwalimu alipomtoka, wivu ukahamia kwa Muuza Vipuri, jamaa mpana wa duka la pikipiki, kwa kuwa ndiye aliyepangwa kukaa mbele ya Mama Pacha. Mazoezi yalifanyika wawili wawili kwa utaratibu mmoja ambao Mwalimu hakuubadilisha hata kwa dawa. Kila jozi ilipewa dasta ya ubao. Mwenye dasta ndiye anayeuliza, na anauliza swali moja tu. Akijibiwa, lazima aikabidhi dasta kwa mwenzake, naye aulizwe. Muuza Vipuri alikuwa anaipokea dasta kutoka mkononi mwa Mama Pacha mara nyingi kwa jioni moja kuliko Tochi alivyopokea kikombe cha chai kwa wiki. Na Mama Pacha alikuwa akimuuliza! Alikuwa anamuuliza kutoka wapi, kwenda wapi, tangu lini, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Tochi hakukumbuka mara ya mwisho mke wake kumuuliza yeye chochote. Nyumbani hapakuwa na nafasi. Dasta, kama wangekuwa nayo nyumbani, isingewahi kutoka mkononi mwa Tochi.

Yeye mwenyewe utaratibu ule ulimshinda. Alikaa na bibi mmoja muuza maua, mpole, na siku ya kwanza akiwa na dasta akamuuliza maswali matatu mfululizo bila kupumua. Bibi akanyoosha mkono, akaichukua dasta kama anavyomnyang'anya mjukuu kisu. Mwalimu akasema, mgeni wetu anapenda sana kuuliza, ni vizuri, lakini mpe na mwenzako. Tochi alitazama upande wa mke wake. Mke wake alikuwa akitazama ubaoni.

Kiingereza lakini alikishika. Alikishika kwa chuki, akijisomea karakanani mbele ya Seremala ambaye hakuelewa kitu, kwa sababu hakutaka Muuza Vipuri amzidi. Na kila aliporudi chumbani alilikuta sanduku limeongezeka. Kwanza viatu. Baadaye vitenge. Baadaye picha ya mapacha iliyokuwa ukutani, imefungwa ndani ya taulo. Mama Pacha hakuficha. Alipanga taratibu, akikunja vizuri, na alipomwona Tochi amesimama mlangoni alimpisha apite. Tochi alitaka kuuliza. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Lakini aliogopa kwamba jibu limekwisha kuwa tayari kama vile vitenge, na akilisikia tu, basi.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani Mwalimu alibadilisha jozi zote. Alisema mtihani utakuwa na mtu msiyemzoea, kwa hiyo leo kila mtu akae na yule ambaye hajawahi kuongea naye. Alitembeza macho darasani, akafurahi kwa ugunduzi wake. Akasema, mgeni wetu wa rangi nyeupe na Mama Pacha, nyinyi hamjawahi kusemezana hata neno, sogezeni viti.

Walisogeza. Magoti yao yalikaribia kugusana. Tochi alimwona mke wake kwa karibu, kwenye mwanga, bila sahani katikati, na akaona ameanza kupata mistari midogo pembeni mwa macho, mistari ya kucheka, ambayo yeye hakushiriki kuichora. Wivu ukampanda tena, safari hii hata bila mtu wa kumwonea. Aliyaonea wivu yale macho. Mwalimu akawaita wasimame mbele ya wote wawe mfano, na dasta akampa Tochi.

Swali moja. Alikuwa na elfu. Alikuwa na ya bekari na ya ushonaji, alikuwa na ya Muuza Vipuri, na lile la kicheko ambalo hakujua hata kwa Kiswahili angeliulizaje. Aliishika dasta mpaka chaki ikamwingia kwenye kucha. Akilini aliliona lile sanduku la nyumbani, limejaa, limebaki kufungwa tu. Akamtazama mke wake, akauliza, "To where?"

Kwenda wapi.

Mama Pacha hakuharakisha. "From here," alisema. Kutoka hapa.

Darasa likaguna. Mwalimu akaingilia kwa upole, akaeleza kwa Kiswahili ili wote waelewe kwamba hapo Mama Pacha amekosea kidogo: ameulizwa anakokwenda, yeye amejibu anakotoka. Arudie, angeweza kusema kwenda kule, kwenda nyumbani, popote. Mama Pacha alimwambia Mwalimu kwamba anajua. Hakurudia. Alinyoosha mkono kwa mumewe, na ilimchukua Tochi muda kuelewa kwamba anadai dasta.

Alimpa. Vidole vyao viligusana, vyote vina chaki.

Mama Pacha alisimama kidogo akiitazama ile dasta, kama mtu aliyekabidhiwa kitu alichokisahau kwamba ni chake. Kisha akauliza swali lake, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya misumari, isiyo na hasira. "Until when?"

Mpaka lini. Wanafunzi waliona swali jepesi, wapo waliotabasamu, maana majibu yote yaliandikwa ubaoni nyuma yake, chini ya mstari mmoja: mpaka kesho, mpaka baadaye, mpaka wakati ule, mpaka sasa. Chagua uondoke. Tochi aliyasoma yote. Angeweza kusema mpaka baadaye na Mwalimu angempongeza. Alimfikiria dada wa mke wake, nyumba yake ile yenye ua mkubwa na mlango wa bluu, na Mama Pacha anacheka huko, na yeye Tochi amesimama barabarani na tochi yake, akimulika mashimo. Bibi muuza maua akamnong'oneza kwa huruma, sema yoyote, mwanangu.

"Until now," alisema Tochi. Mpaka sasa. Akalirudia, kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma. "Until now."

Mwalimu akasema vizuri sana. Akasema sasa dasta inarudi kwa mgeni wetu, aulize tena. Mama Pacha akamnyooshea. Tochi akaitazama. Akatikisa kichwa.

"Sina swali, Mwalimu," alisema, kwa Kiswahili, na watu wakamcheka kwa kukosa swali siku ya mwisho. Muuza Vipuri alicheka kuliko wote. Mama Pacha hakucheka, lakini aliishika dasta ile kifuani mpaka darasa likaisha, na gauni lake likabaki na alama nyeupe.

Walirudi pamoja siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kwa njia moja, jua bado lipo. Nyumbani Tochi alikwenda moja kwa moja chumbani, akalishika sanduku kwa mikono miwili alirudishe juu ya kabati.

"Liache," alisema Mama Pacha. "Nitalirudisha juu mwenyewe nikitaka. Au nitalibeba nikitaka."

Akaliacha.

Mtihani Mama Pacha aliupita. Yule mama wa meno alimpa meza ya mapokezi, simu, na koti jeupe lenye mfuko. Siku ya kwanza ya kazi mpya alichelewa kurudi. Kivuli cha nyumba ya Seremala kilishavuka barabara, na Tochi alikuwa karakanani amepiga magoti mbele ya kiti kidogo kilichochakaa. Kilikuwa kiti cha Mwalimu. Alikuwa amekwenda kukichukua mwenyewe, bila kuombwa mara ya pili, na alikuwa akikivalisha kitambaa cha kijani kigumu, kizuri kuliko alichostahili kijana yule, na akimwonea kijana yule wivu kila alipovuta uzi, kwa sababu atakikalia akiwachekesha watu.

Alisikia hatua za mke wake njiani. Alizijua kama anavyoijua nyundo yake. Hakuwa peke yake. Kulikuwa na sauti ya mtu mwingine, sauti nzito ya kiume, ikiagana naye hapo nje, na mke wake akijibu kwa Kiingereza, kwa wepesi. Maswali yakamjia yote kwa pamoja, yakifuatana kama zamani. Na nani. Kutoka wapi. Tangu lini. Tochi akachota kiganja kizima cha misumari, akakijaza mdomoni, zaidi ya alivyohitaji kwa kiti kile.

Mama Pacha aliingia. Alisimama mlangoni na koti lake jeupe mkononi, akamgeukia, akangoja. Alikuwa amezoea kungoja pale. Majibu alikuwa nayo tayari, ungeyaona usoni. Tochi aligonga msumari. Akagonga mwingine.

"Huniulizi?" alisema Mama Pacha.

Akatikisa kichwa.

Mama Pacha alibaki amesimama akimtazama mumewe alivyovimba mashavu kama wale wagonjwa wa kliniki, mate yanaanza kumtoka pembeni mwa mdomo. Kisha akapita kati ya masponji, akaingia chumbani. Tochi alisikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa. Alisimamisha nyundo hewani. Halafu akasikia mlango wa kabati, ule wenye bawaba inayolia, ukifunguka, na hanga ya nguo ikigonga kwenye chuma, moja tu, na kifuniko cha sanduku kikafungwa tena.

Ndipo Mama Pacha akacheka. Alicheka peke yake mle chumbani, kile kicheko chenyewe, cha nyuma ya duka la rangi, cha kabla ya mapacha. Tochi alipiga magoti pale na chuma mdomoni, akitamani kuliko kitu chochote duniani kujua anacheka nini. Akasukuma msumari mwingine kwa ulimi, akaupokea, akaugonga.